SPANA SI DAWA YA BREKI



Kila jioni pale Maungu malori hujipanga kando ya barabara kuu, mengine yashuka Mombasa, mengine yapanda Voi na Nairobi. Ukipita utamwona dereva au taniboi amelala chini ya trela, spana mkononi, akaza ajasta za breki. Hatumlaumu. Tajiri amemwambia afike bandarini asubuhi, na breki zimelegea. Lakini twasema wazi: kwa lori lenye ajasta za kujikaza zenyewe, kazi ile haiponyi breki. Yaficha ugonjwa.

Ukikanyaga breki, upepo huingia katika chemba na kusukuma fimbo. Fimbo husukuma ajasta, nayo ni mkono unaozungusha shafti yenye kichwa cha umbo la S. Kichwa hicho hutanua viatu vya breki mpaka lainingi zishike drumu. Lainingi zikilika, fimbo hulazimika kwenda mbali zaidi. Zamani kazi ya kukaza ilikuwa ya mtu na spana yake. Ajasta ya kujikaza ina meno na klachi ndogo ndani. Mwendo ukipita kipimo, meno hujizungusha kidogo kidogo na kuurudisha mahali pake.

Basi ajasta hiyo ikiacha kazi, iko sababu: bushi za shafti zimelika, pini imelegea, ilifungwa vibaya, haikutiwa grisi, au yenyewe imekufa. Ukiikaza kwa mkono italegea tena, na pengine umeiharibu klachi. Tena breki iliyokazwa ikiwa baridi huonekana nzuri. Kwenye mteremko wa Mazeras drumu hushika moto na kutanuka, fimbo hufika mwisho wake, na lori halishiki tena.

Haya si maneno ya kutishana. Marekani, ambako sheria yadai ajasta hizi kwa malori mapya tangu Oktoba 1994, tipa moja lilishindwa kusimama mjini Glen Rock, Pennsylvania, Aprili 2003, na watu wakafa. Mwaka 2006 wachunguzi wa serikali walionya kwamba kuzikaza kwa mkono ni hatari, kwa kuwa kwaficha ubovu wenyewe.

Twadai nini? Kwanza, mwendo wa fimbo upimwe kabla lori halijatoka yadi: magurudumu yazuiwe kwa magogo, breki ya kuegesha ifunguliwe, upepo uwe ratili 90 hadi 100, kisha breki ikanyagwe. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30, fimbo isizidi inchi 2. Pili, ubovu utafutwe na ajasta iliyokufa ibadilishwe. Tatu, dereva anayekataa lori bovu asikatwe mshahara wala kufukuzwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa, na yamkataza tajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Nanyi madereva, msinyamaze. Andikeni ubovu kwa tarehe na namba ya gari, mpeni tajiri, na nakala ileteni chamani. Neno la mdomo hukanwa, karatasi haikanwi. Mzigo ukichelewa siku moja, utafika. Kawia ufike.