Ziwa Halina Mlango wa Nyuma

Kila plastiki ndani ya Ziwa Victoria inapotajwa, huku kwetu Mara majibu huwa yaleyale. Nimeyasikia mwaloni Mwigobero, ndani ya gari la Bunda, na hata msibani Butiama. Wanaoyatoa si wajinga, na baadhi ya maneno yao yana ukweli kiasi. Kwa hiyo nayajibu moja baada ya jingine.

“Hayo ni matatizo ya bahari za Wazungu.”

Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania na Denmark walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni Mwanza. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Ziwa la Mwanza ndilo la Musoma. Anayeishi mbali na ufuko hayuko nje ya habari hii: Bunda inapata maji ya ziwa kutoka Nyabehu, na mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama umeyapandisha mpaka kijijini kwa Mwalimu Nyerere.

Tunachozungumzia ni mikroplastiki, yaani kipande chochote kisichofika milimita 5. Hutokana na mfuko uliochanika, kamba ya mtumbwi, nyavu kuukuu na nyuzi za nguo za polista tunazofulia ufukweni.

“Ziwa ni kubwa, litameza.”

Ni kweli ziwa ni kubwa: kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini tazama maji yake yanavyoingia na kutoka. Sehemu kubwa huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa huondoka kwa kugeuka mvuke. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Plastiki haipandi na mvuke. Maji yanakwenda zake, yenyewe inabaki, inasagwa na jua na mawimbi, inazidi kuwa ndogo. Ukubwa wa ziwa unatupa muda tu.

“Nachemsha, kwa hiyo niko salama.”

Chemsha, tena usiache kamwe. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na hao ndio wanaoua watu haraka. Kwa plastiki, habari ni nyingine. Watafiti wa Guangzhou, China, walionyesha mwaka 2024 kwamba kuchemsha maji magumu na kuyachuja kunaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya chembe hizo, kwa sababu chokaa iliyomo huganda na kuzifunga ndani ya ule ukoko mweupe wa birika. Kwenye maji laini kiwango kilishuka hadi karibu asilimia 25. Maji ya Ziwa Victoria ni laini; ndiyo maana sabuni hutoa povu upesi. Anayechota kisima chenye maji magumu atafaidika zaidi na moto kuliko wa Makoko anayechota ziwani.

“Basi tununue maji ya chupa.”

Chupa yenyewe ni plastiki. Mwaka 2018 uchunguzi wa chupa 259 kutoka nchi tisa ulikuta mikroplastiki katika asilimia 93. Na chupa hiyo ikishanyweka, mvua ya kwanza huisukuma mferejini, na mfereji ni njia ya ziwani. Tutakuwa tumelipia tatizo lilelile mara mbili.

“Kuiondoa kunataka mitambo ya mabilioni.”

Hapa ndipo watu hukata tamaa bure. Njia ya kawaida ya kusafisha maji ya bomba, yaani dawa ya kugandisha uchafu, kuuacha utuame, kisha kupitisha maji kwenye mchanga, huondoa sehemu kubwa ya chembe hizo. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba usafishaji mzuri wa maji ya kunywa huziondoa kwa ufanisi. Kuidai mamlaka yetu ya maji isafishe kikamilifu ni kudai kinga hiyo pia.

Nyumbani kanuni ni hiyohiyo. Shabu ambayo bibi zetu walitakasia maji ya tope hukusanya chembe kuwa mabonge yanayozama. Watafiti wa Brazil wamepata matokeo yanayokaribiana kwa mbegu za mlonge. Acha maji yatuame, yachote juu bila kuyatibua, yapitishe kwenye kitambaa kizito cha pamba au chujio la mchanga, kisha yachemshe. Kitambaa cha polista usitumie, maana nacho hutoa nyuzi. Masalia yaliyozama yafukie mbali na maji, usiyarudishe ziwani.

“Hakuna aliyekufa kwa plastiki.”

Shirika la Afya Duniani lilisema ushahidi wa madhara kwa binadamu bado ni mdogo na likataka utafiti zaidi. Sitamtisha mtu kupita hapo. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walikuta plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22. Sangara tunampasua na kutupa utumbo. Dagaa tunamla mzima, pamoja na kilicho tumboni mwake, na ndiye kitoweo cha mwenye kipato kidogo.

“Mifuko ilishapigwa marufuku.”

Ndiyo, tangu Juni 1, 2019, na mitaa ilibadilika kwa macho. Ila marufuku hiyo haikugusa chupa, kamba wala nyavu zilizochoka. Kuzichoma si jibu: moshi wake una sumu, na majivu hubaki na vipande ambavyo mvua hubeba. Kila mwalo unahitaji sehemu ya kukusanyia nyavu kuukuu, na kila mfereji wa Musoma wavu wa kukamata takataka kabla ya ziwa.

Chujio linaokoa ndoo moja. Kilichokwisha kuingia ziwani hakuna wa kukichuja. Kazi kubwa iko mferejini, kabla mvua haijanyesha.