Umeme wa Lubumbashi na samaki wa Kamalondo

Umeme ukikatika katika komini ya Lubumbashi, swali huwa lile lile: maji yamepungua Mwadingusha, ama mashine imeharibika Nzilo? Ni swali la haki. Lakini liko lingine lisiloulizwa mjini, ijapokuwa jibu lake linauzwa sokoni kila siku, ndani ya vikapu vya samaki wakavu wanaotoka upande wa Bukama: maji yakishapita kwenye mashine, yanafika kule chini kwa wingi gani, na wakati gani?

Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Lile la Nzilo, karibu na Kolwezi, liliufunga mto Lualaba mwaka 1952, kisha likafuata la Nseke. Mito hiyo miwili inakutana penye ziwa Kisale, ndani ya bonde la Kamalondo, ambalo wengine huliita Upemba. Kwa hiyo uamuzi wa kufunga au kufungulia maji kwa ajili ya viwanda na nyumba za mjini unafika mpaka kwenye nyavu za wavuvi wa bonde hilo.

Kamalondo haiishi kwa maji tu, inaishi kwa maji yanayopanda na kushuka. Wakati wa mvua mto unavunja kingo, unafunika majani, na samaki wanaingia humo kutaga mayai. Vifaranga wanakulia kwenye maji yasiyo na kina, penye chakula kingi na maadui wachache. Kiangazi kikifika maji yanarudi mtoni pamoja na samaki, na nyuma yake inabaki tope yenye mbolea ambamo watu wanalima.

Bwawa la umeme linataka kinyume: maji ya masika yawekwe akiba, yatolewe kidogo kidogo mwaka mzima. Basi sehemu za juu za bonde zinakosa mafuriko na kuota vichaka, na zile za chini, ambazo zilizoea kukauka, zinabaki na maji daima hadi mafunjo yanaziba njia za mitumbwi. Tope nayo inanasa nyuma ya ukuta.

Ni kweli kwamba Nzilo haishiki maji yote. Mto Lubudi na mingine inaingia Lualaba chini yake, na bado inaleta mafuriko. Ndiyo maana Kamalondo ingali hai. Lakini hiyo ni bahati ya ramani, wala si matunda ya usimamizi mzuri.

Jirani Zambia hakuwa na bahati hiyo. Mto Kafue, unaoanzia karibu na mpaka wa Kongo, ulifungwa mara mbili katika miaka ya 1970: Kafue Gorge upande wa chini, Itezhi-Tezhi upande wa juu, na katikati yake bonde kubwa la majani. Wahandisi wa Itezhi-Tezhi hawakuwa wajinga. Waliongeza akiba maalum ili kila mwezi wa tatu yatolewe maji mita 300 za ujazo kwa sekunde kwa wiki nne, kuiga mafuriko. Hata hivyo mpangilio wa maji uliharibika, vichaka vya miiba vya mimosa vikatanda, na swala wa majini, waliokuwa zaidi ya 90,000 kabla ya mabwawa, wakapungua sana. Majangili nao walichangia, bila shaka.

Somo la huko si kwamba mabwawa yabomolewe. Lubumbashi haiwezi kuishi gizani, na wakaaji wake wamechoka na mishumaa. Ila mwaka 2017 serikali iliandikisha bonde la Lufira kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye umuhimu wa dunia nzima. Sahihi hiyo ina deni. SNEL, pamoja na makampuni ya madini yanayogharamia ukarabati wa mashine ili yapate umeme, wangeanza kwa jambo dogo: kutangaza kila mwezi ni maji kiasi gani yametolewa Nzilo na Mwadingusha. Halafu, kabla mvua za mwezi wa kumi na moja hazijaanza, waketi na wavuvi wa Bukama na Malemba-Nkulu, ambao wanajua vizuri kuliko ofisi yoyote ni wiki gani samaki wanangojea mto upande.