Trekta Iachiwe Kazi ya Kubeba Kuni

Viwanda vingi vya chai katika nyanda za juu za Kenya huinyausha na kuikausha chai kwa mvuke wa boila zinazochomwa kuni, hasa za mikaratusi. Gogo lililokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na kila kilo ya maji hayo hula megajuli 2.5 hivi za joto ili ipae na kupotelea dohani. Gogo nene likiachwa zima na ganda lake hukauka kwa kusuasua, kwa hiyo sharti lipasuliwe, lipangwe na lipigwe na upepo kwa miezi. Mashine ya kupasulia basi inagusa mfuko wa mkulima moja kwa moja, maana katika viwanda vya wakulima wadogo gharama ya kuni hutolewa kabla bonasi haijahesabiwa. Naamini kiwanda chenye umeme wa fezi tatu kinunue mashine inayojitegemea, yenye mota yake, badala ya ile inayofungwa nyuma ya trekta.

Wanaotetea ya trekta wana hoja nzito. Injini tayari ipo, mashine yenyewe huwa rahisi kununua kwa kuwa haina mota, na inaweza kuvutwa hadi shambani. Tena, wanasema, kupasua kuni si kazi ya dharura: ifanywe kiangazi, majani yanapopungua na trekta kupumzika. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Kiangazi, hasa Januari na Februari, ndicho kipindi ambacho njia za msituni hupitika, na magogo yasipotolewa wakati huo, masika yatazikuta tela zikikwama kwenye tope. Trekta iliyofungwa kwenye mashine ya kupasulia siku hizo imeacha kazi ambayo hakuna chombo kingine cha kuifanya. Isitoshe, injini ya nguvu za farasi 75 inaungurumishwa kutwa ili kusukuma kabari ambayo mota ya kilowati 10 ingeimudu. Dizeli inateketea, na saa za matengenezo zinakaribia bila tela kusogea hata hatua. Kuna pia ile shafti ya kutoka trekta hadi mashine, inayozunguka mara 540 kwa dakika: kifuniko chake kikivunjika na kisirudishwe, inatosha kunasa koti la mvua na aliyelivaa.

Umeme nao hukatika, ni kweli. Lakini kuni zinazopasuliwa leo zitaingia tanuruni baada ya miezi, hivyo saa chache za giza haziathiri boila. Anayestahili mashine ya trekta ni mkulima wa miti au kikundi kinachouza kuni zilizopasuliwa huko huko shambani, mbali na nguzo za umeme. Kiwanda hakimo katika hali hiyo, kwani magogo humfuata mpasuaji uwanjani, na uwanja hauhami.