“Lau” baada ya Uhud

Ndugu Waislamu, nimemsikia mama matangani akilia: lau ningelimwahisha mwanangu hospitali! Hebu tuitazame Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (S.A.W.) alipendelea kubaki Madina, vijana wakashikilia kutoka, na Waislamu wapatao 70 wakauawa. Wanafiki wakadai kwamba hao wangelisalimika lau wangeliwatii wao. Kesho yake Mtume akatoka na majeruhi wale wale hadi Hamraul-Asad. Nayo aya ya 159 ya Suratu Aal Imran ikamwamrisha awasamehe, na bado ashauriane nao!

Kujutia dhambi ni katika toba, hilo halina mjadala. Lakini mama huyu amekosa nini? Na wale wadogo zake marehemu wanamngojea awapikie uji.