Mashine ya kupumulia haipimi utu

Kila mara hospitali fulani duniani inapotangaza kwamba imemruhusu kwenda nyumbani mtoto aliyezaliwa akiwa na wiki 21 au 22 tu za ujauzito, mjadala wa utoaji mimba huwaka upya. Wanaopinga utoaji mimba huishika habari hiyo kama ushahidi uliokamilika: mtoto huyu hapa, anapumua, ana jina, na zipo nchi ambako sheria inaruhusu mimba ya umri wake kutolewa. Wanaotetea haki ya mwanamke kuamua nao huipunguza uzito: ni mmoja kati ya wengi, ni bahati, ni fedha zisizopatikana kwingine. Naamini pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Kuishi kwa mtoto njiti kunatuambia hospitali ina uwezo gani. Thamani ya aliye tumboni hakuigusi. Hata hivyo, mafanikio haya ya tiba yanabadilisha jambo moja zito, nalo ni wajibu wetu pale mama na mtoto wanapoweza kutenganishwa wote wakiwa hai.

Tuanze na namna mpaka wa kuishi ulivyosogea. Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na uzito wa kilo mbili na ushei. Baba yake aliweza kuita daktari yeyote aliyemtaka, lakini mapafu ya mtoto hayakuwa yamekomaa, na siku mbili baadaye alifariki. Leo mtoto wa namna hiyo hutarajiwa kupona. Mwaka 1972, Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama akidungwa sindano ya steroidi kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani alichapisha matokeo ya kuwapa vichanga dawa inayozuia vifuko vya mapafu visisinyae. Mashine za kupumulia nazo zikaundwa upya kwa ajili ya miili midogo. Ndipo mwaka 2020, jimboni Alabama, akanusurika mtoto wa wiki 21 na siku moja ambaye hakufika nusu kilo. Na mwaka 2024, jimboni Iowa, mwingine wa wiki 21 kamili aliyekuwa na gramu 283. Yule wa Alabama alikuwa na pacha, wa umri uleule na tumbo lilelile, ambaye hakuishi. Nani atathubutu kusema kwamba mmoja wa mapacha hao alikuwa mtu na mwenzake hakuwa?

Sheria nyingi zimejengwa juu ya mpaka huu usiotulia. Katika kesi ya Roe dhidi ya Wade ya mwaka 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu majimbo kupiga marufuku utoaji mimba tangu kijusi kinapoweza kuishi nje ya tumbo, ikaeleza kwamba kwa kawaida hiyo ni wiki ya 28, ingawa inaweza kuwa mapema hata wiki ya 24. Mwaka 1983 Jaji Sandra Day O'Connor alionya kwamba msingi huo ungekuja kugongana na nafsi yake, kwa kuwa tiba ingeendelea kuuvuta mpaka nyuma. Uingereza ilikaa na wiki 28 kwa miongo kadhaa, ikashuka hadi 24 mwaka 1990, na mwaka 2008 wabunge wakakataa kushuka tena hadi 22 au 20. Japani iliifuata tiba kwa karibu zaidi: kutoka wiki 28 hadi 24 mwaka 1976, kisha hadi 22 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nasi hatuko nje ya habari hii. Tanzania, ambako utoaji mimba ni kosa isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama, kifungu cha 219 cha Kanuni ya Adhabu kinazihesabu wiki 28 kuwa ushahidi wa awali kwamba mtoto angeweza kuzaliwa hai. Hesabu hiyo ilitoka katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1929, miaka zaidi ya 40 kabla ya sindano ya Liggins na Howie.

Udhaifu wa kipimo hiki ulitumika mwaka 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta Roe katika kesi ya Dobbs. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu, alisema kwamba kuweza kuishi nje ya tumbo hutegemea vifaa, ujuzi na umbali wa hospitali, mambo yasiyokuwa sehemu ya aliye tumboni. Katika hilo alisema kweli. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi maskini zaidi ya asilimia 90 ya watoto wanaozaliwa kabla ya wiki 28 hufariki katika siku za mwanzo, ilhali katika nchi tajiri wanaofariki hawafiki asilimia 10. Kama uwezo wa kuishi ndio utu, basi kijusi cha wiki 26 ni mtu kikiwa Stockholm na si mtu kikiwa Kibondo, na mama anayekimbizwa na gari la wagonjwa kutoka kituo cha afya cha kijijini hadi hospitali ya rufaa amebeba mtoto anayepata utu akiwa barabarani. Hesabu hiyo haikubaliki kwa mwenye dini wala kwa asiye nayo. Lakini kuuvunja mpaka huo hakumpi ushindi yeyote. Anayeamini kwamba uhai wa binadamu ni kamili tangu kutungwa mimba hamhitaji njiti wa Iowa, kwa maana imani yake ingesimama hata kama hakuna njiti aliyewahi kupona. Na anayedai kwamba aliye tumboni hana haki yoyote hadi siku ya kuzaliwa ana swali gumu mbele yake: vipi kichanga cha wiki 23 kilicho wodini kilindwe kwa nguvu zote, huku cha wiki 32, kilichokomaa kuliko hicho, kisihesabiwe kwa sababu tu bado kimo tumboni?

Basi tiba imebadilisha nini? Tangu zamani kumaliza ujauzito mapema na kumaliza uhai wa aliye tumboni lilikuwa tendo moja. Mwanamke aliyekuwa na sababu nzito ya kutoendelea kubeba mimba, awe anaumwa moyo au amebakwa, hakuwa na njia ya kuuacha mzigo huo bila mtoto kufa. Mafanikio ya wodi za vichanga yamelipasua tendo hilo vipande viwili. Tangu wiki ya 24 hivi, palipo na huduma kamili, mwili wa mama unaweza kuwekwa huru na mtoto akapokelewa na watu wengine. Sababu iliyotosha kwa tendo la kwanza haitoshi tena peke yake kwa tendo la pili. Mwanamke ana haki kubwa juu ya mwili wake, na haki hiyo inafika hadi kuukomesha ujauzito unaomhatarisha. Lakini mtoto akishaweza kupokelewa na mikono mingine, kifo chake kinadai sababu ya ziada. Huu ndio msingi ninaouona wa haki kwa sheria zinazoweka mpaka karibu na wiki hizo. Mpaka huo unaonyesha wajibu wetu unapoanzia, na wajibu, tofauti na utu, unaweza kweli kuongezeka kadiri uwezo wetu unavyoongezeka.

Yapo mapingamizi ya kujibiwa. La kwanza husema kwamba wanaonusurika ni wachache mno. Takwimu za vituo vya utafiti vya Marekani kwa watoto waliozaliwa kati ya 2013 na 2018 zinaonyesha kwamba katika wiki ya 22 waliopona walikuwa asilimia 11 hivi ya wote waliozaliwa hai. Lakini miongoni mwa waliopewa matibabu ya kuokoa maisha walikuwa asilimia 30, na katika wiki ya 23 zaidi ya nusu. Sehemu ya uchache huo, kwa hiyo, inatokana na kutojaribu. Lakini takwimu zinaudai ukweli upande wa pili pia. Habari za njiti wa wiki 22 zinagusa sehemu ndogo sana ya mimba zinazotolewa. Nchini Marekani mwaka 2021, zaidi ya asilimia 93 ya mimba zilizotolewa na kuripotiwa zilikuwa za wiki 13 au pungufu, na zilizofika wiki 21 au zaidi hazikufika asilimia moja. Kumwonyesha njiti aliyepona ili kuhukumu utoaji wa mimba ya wiki ya saba ni kutumia ushahidi wa kesi moja katika kesi nyingine.

Pingamizi la pili ni la madaktari, nalo ni zito zaidi. Baadhi ya mimba zinazokomeshwa katika wiki hizi za mwisho ni za watoto wenye kasoro zisizotibika, zinazogunduliwa katika kipimo kikubwa cha picha ambacho kwa kawaida hufanyika kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kuwalinganisha na njiti aliyekuwa mzima si haki. Tena, kumzalisha mama makusudi katika wiki ya 23 kunamwingiza mtoto katika hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo, upofu na mapafu mabovu. Nakubali yote haya, na ndiyo maana wajibu ninaousema hauwezi kugeuzwa kuwa amri ya polisi. Kati ya wiki ya 22 na ya 25 kila siku moja inabadilisha hesabu, na uamuzi unapaswa kuwa wa mama akiwa na madaktari wanaomweleza ukweli wote, pamoja na ukweli kwamba ulemavu haupunguzi thamani ya mtu. Ninachokataa ni kumwondoa mtoto katika mazungumzo hayo kana kwamba hayupo.

La tatu linatazama mbele. Mwaka 2017 watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia waliwaweka hai wanakondoo njiti kwa wiki kadhaa ndani ya mfuko wenye majimaji. Je, siku moja mpaka hautafika hadi mwanzo wa mimba? Kwa tiba ya leo mwili wenyewe umeweka ukuta, kwa sababu kabla ya wiki ya 21 hivi mapafu hayana sehemu za kupitishia oksijeni kwenda kwenye damu, na hakuna mashine ya kupumulia inayoweza kuziumba. Hata mfuko wa namna hiyo ukija kutumika kwa binadamu, kumhamisha mtoto kutakuwa operesheni juu ya mwili wa mwanamke, na jamii haina haki ya kumpasua mtu bila ridhaa yake kwa sababu tu teknolojia inaweza. Wajibu wa kupokea hauzai haki ya kunyang'anya.

Linabaki deni linalowahusu hasa watu wa nchi zetu. Anayemtaja njiti jukwaani, bungeni au mimbarini amejifunga kumtunza. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kumweka kichanga chenye uzito mdogo kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, kunapunguza vifo kwa asilimia 25 kuliko kusubiri hadi hali yake itulie. Huduma hiyo inahitaji vitanda vya akina mama ndani ya wodi ya vichanga, wauguzi wa kutosha, mashine za kusaidia kupumua na umeme usiokatika, haihitaji miujiza. Bajeti ya afya inayoliacha hilo huku sheria ikitishia wanawake jela inasema jambo moja kwa mdomo na jingine kwa fedha. Kwa hiyo wabunge wetu watakapokifungua tena kifungu cha wiki 28, na kwa namna tiba inavyokwenda hawana budi kukifungua, waandike wazi sababu ya mpaka watakaouweka, wauruhusu kupitiwa kila tiba inapobadilika, na siku hiyohiyo wapitishe fungu la wodi za watoto njiti katika kila hospitali ya mkoa. Sheria ya namna hiyo itakuwa na haki ya kumtaka mama amfikirie mtoto wake, kwa kuwa nchi nayo itakuwa imemfikiria.