Halmashauri ya Kilimanjaro Haikufa Mwaka 1972

Mwanafunzi akiulizwa serikali za mitaa vijijini zilivunjwa lini, hujibu kwamba zilivunjwa tarehe 1 Julai 1972 na zikarudishwa mwaka 1984. Kwa mtihani jibu hilo latosha. Kwa mtumishi wa umma anayekaa ofisini na kitabu cha mapato mbele yake, halitoshi hata kidogo. Tuitazame Halmashauri ya Wilaya ya Kilimanjaro, ambayo leo haipo, na mahali pake pana halmashauri za Moshi, Hai, Rombo na Siha.

Mzizi wake ni wa kikoloni, wala hatuna sababu ya kuuficha. Kwa sheria ya mwaka 1926 Waingereza waliwageuza mangi kuwa mawakala wa kukusanya kodi. Mwaka 1946 wakaweka wakuu watatu juu yao, wa Hai, Vunjo na Rombo. Na mwaka 1952 Thomas Marealle akawa Mangi Mkuu wa Wachagga wote. Lakini Februari 1960 wananchi wenyewe, kwa kura, waliukataa utawala wa Mangi Mkuu, wakataka kiongozi wa kuchaguliwa. Akachaguliwa Solomon Eliufoo, ndugu wa TANU, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa nchi nzima. Chombo kilichoundwa ili kumtumikia mtawala kikawa mikononi mwa wapiga kura, na wapiga kura hao walikuwa wakulima wa kahawa waliokwisha kujifunza kuendesha mambo yao katika KNCU tangu mwaka 1933.

Halmashauri za namna hiyo zilisimamia shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini. Fedha zilitoka katika kodi waliyolipa watu wazima na katika ushuru wa mazao. Mwaka 1969 Serikali ilifuta vyote viwili. Nia ilikuwa njema: kodi ile ilimwelemea mnyonge, na halmashauri nyingi nchini zilishindwa kuikusanya, zikazama katika madeni. Lakini mwaka uliofuata elimu ya msingi, afya na barabara navyo vikahamia Serikali Kuu. Nauliza: chombo kisicho na mapato wala kazi kinabakiwa na nini, ila viti na mhuri? Kwa hiyo nasema halmashauri ilikufa mwaka 1969, na mwaka 1972 yalikuwa mazishi.

Madaraka Mikoani yalikusudiwa kuwasogezea wananchi mamlaka. (Mpango huo wa nchi ya ujamaa, tusisahau, ulitayarishwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani.) Kilichosogea kwa kweli ni watumishi. Mkurugenzi wa maendeleo wa wilaya aliwajibika kwa wakubwa wake, wala si kwa aliyemlipa diwani kura yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mwalimu Nyerere, kwa uungwana wake, alikiri mwaka 1984 kwamba kuvunja serikali za mitaa na ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia.

Sheria ya mwaka 1982 ilizirudisha halmashauri. Lakini je, tumelikumbuka lile la mwaka 1969? Kodi ya maendeleo iliyokuja na halmashauri mpya ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kila hatua ilikuwa na hoja yake, na mkulima wa kahawa wa Rombo aliyepunguziwa ushuru hawezi kulalamika. Lakini mwalimu wa shule ya Rombo inayovuja, akienda halmashauri, huambiwa asubiri fedha kutoka juu.

Chama kina wabunge wengi na madiwani wengi. Kinaweza kudai jambo moja dogo. Kila muswada unaoondoa chanzo cha mapato cha halmashauri uambatane na karatasi inayotaja chanzo kitakachochukua nafasi yake, na karatasi hiyo isomwe katika vikao vya madiwani kabla ya kura kupigwa Dodoma.