Mtambo wa redio yetu hauwezi joto la Uvira

Wasikilizaji wetu wa Uvira na bonde la Ruzizi, nanyi ndugu zetu mliokimbia vita na mafuriko, mlitupigia simu mkisema redio inanguruma na maneno hayasikiki. Mama mmoja wa kambini aliniambia alikosa mgao wa chakula: jina la kijiji chake alilisikia, lakini siku hakuisikia.

Malalamiko yenu ni ya kweli. Mtambo wetu unakaa katika chumba kidogo chenye paa la mabati. Fundi alipoufungua, alikuta kapasita mbili kubwa, zile wengi wetu tunaita kondansateri, zimevimba kichwani.

Kazi yake ni hii. Umeme wa laini au wa jenereta, hata baada ya kupita kwenye dayodi, unabaki na mawimbi 100 kila sekunde. Kapasita ndizo kichujio: zinajaa umeme ukipanda, zinatoa ukishuka. Ndani yake mna maji ya kemikali, na joto linayakausha polepole. Yakikauka, mawimbi yale yanaingia katika sauti ya mtangazaji. Ndiyo mngurumo mliousikia.

Kwangu mimi, hii si bahati mbaya. Ni kosa la kuchagua. Kapasita zilizoharibika ziliandikwa digrii 85. Mafundi wana kipimo chao cha kukadiria: joto likipungua digrii 10, maisha ya kapasita yanaongezeka mara mbili. Kapasita ya saa 2,000 kwa digrii 85, ikikaa ndani ya sanduku lenye digrii 65, inatarajiwa kufika saa 8,000. Kwa redio inayofanya kazi saa 16 kwa siku, ni siku 500 tu. Ya digrii 105, yenye saa 2,000 hizo hizo, inaweza kufika saa 32,000, yaani zaidi ya miaka mitano.

Mtu atasema ya digrii 105 ni ya bei. Lakini fundi, usafiri na siku za kukaa kimya navyo vina bei, na ninyi ndio mnailipa.

Kwa hiyo, wanaotununulia mitambo waulize kwanza: kichujio hiki kimetengenezwa kwa joto gani? Kapasita zisibanwe karibu na transista zinazochemka, na sanduku liwe na matundu na feni.

Nasi wenye redio tusingojee wafadhili kwa kila kitu. Kuweka dari chini ya mabati na kufungua dirisha la pili ni kazi ya seremala wa mtaani. Tungeifanya zamani.

Nanyi mkisikia mngurumo tena, hata kidogo, pigeni simu siku hiyo hiyo. Msingoje mpaka sauti ipotee.